Mapacha waliojenga Gaza ugenini

Kwetu Burundi wangeitwa Bukuru na Butoyi. Kwao Gaza waliitwa Ahmed na Mohamed Abu Nasser, lakini ulimwengu wa filamu unawajua kwa majina ya Tarzan na Arab. Ni mapacha waliozaliwa mwaka 1988, na filamu zao huziandika na kuziongoza pamoja.

Mwaka 2013 filamu yao fupi iliingia mashindano ya Cannes, Ufaransa. Wakati huo walikuwa wamekwisha kuhama Gaza. Sasa utapigaje picha za nyumbani usikoweza kurudi? "Dégradé" ya mwaka 2015, inayohusu wanawake waliokwama saluni huku risasi zikilia nje, waliipigia Jordan. Saluni ya Gaza ikajengwa nchi ya jirani.

Hapo ndipo waliponigusa. Mimi nilisomea kambini, Kigoma. Mwalimu alituchorea ubaoni kilima, mto na migomba, akasema, "Hapa ndipo kwenu." Niliporudi nilikuta shamba lina mwenyewe mwingine, ila mto ulikuwa palepale. Bila ule mchoro nisingeutambua.

Mei 2025 mapacha hao walipata tuzo ya uongozaji Cannes, kitengo cha Un Certain Regard, kwa "Once Upon a Time in Gaza". Mitaa mingi waliyoiacha imebomolewa na vita vilivyoanza 2023.

Ndugu msomaji, uliyerudi na unayevuka mpaka kila siku, wasimulieni watoto kwenu palivyokuwa. Ukikumbuka peke yako utabishiwa. Mkiwa wawili, huo ni ushahidi.