Mzee Hukwe Zawose na Marimba ya Ugogo

Wasikilizaji wetu, na ninyi mtakaosoma maneno haya vijijini na mashuleni, leo tunapenda kunena habari za mtu mmoja wa Ugogo, jina lake Hukwe Ubi Zawose. Alikuwa mtunzi wa nyimbo, fundi wa kutengeneza ala, na kiongozi wa kundi la wapigaji. Sifa zake zilifika Ulaya na Marekani, lakini muziki wake ulikuwa ule ule wa mbugani kwao. Tunataka kueleza maisha yake, na jinsi marimba yake yanavyofanya kazi, kisha tuulize jambo moja kubwa: fundi akifa, ufundi wake hubaki wapi?

Nchi na nyimbo zake

Mtu akaaye Kongwa, au Mpwapwa, au Dodoma, anaijua nchi hii bila kuelezwa. Mvua huja mara moja kwa mwaka, tangu mwezi wa Desemba hivi mpaka Aprili, nayo si nyingi. Mwaka wa 1947 serikali ya Uingereza ilianza mashamba makubwa ya karanga pale Kongwa, kwa matrekta na fedha nyingi sana. Ardhi ikawa ngumu kama sakafu wakati wa kiangazi, mvua zikapungua, na mwaka wa 1951 mpango ule ukaachwa. Wagogo hawakustaajabu. Wao walikuwa wamekwisha jifunza tangu zamani kuishi na ng'ombe, na mtama, na uwele, na kungoja mvua kwa uvumilivu.

Katika kungoja huko, nyimbo zina kazi yake. Kuna nyimbo za kuomba mvua, na za kuchunga, na za kusifu, na za jando. Wanawake wana ngoma zao ziitwazo muheme, ambazo huzibana kati ya magoti na kuzipiga kwa mikono. Tena Wagogo hawaimbi wote kwa sauti moja. Mmoja huanza, wengine humwitikia, wa juu na wa chini, na sauti zao hupatana kwa namna ambayo haikuletwa na kitabu wala na mwalimu wa ng'ambo. Mwaka wa 1950 Bwana Hugh Tracey, ambaye kazi yake ilikuwa kukusanya muziki wa Afrika, alifika huku akazinasa nyimbo na ala za Wagogo katika mashini yake. Hata leo sauti za wazee wale zinasikika, ingawa wenyewe wamekwisha lala.

Kijana mchungaji

Hukwe alizaliwa yapata mwaka wa 1938 katika kijiji cha Doduma. Kama watoto wengi wa Ugogo, alichunga ng'ombe. Mchungaji hushinda peke yake, na mbuga ni pana. Basi huimba, naye hujifunza kuipeleka sauti mbali. Ndivyo koo la Hukwe lilivyozoezwa. Hata alipokuwa mtu mzima aliweza kushuka chini kama ngurumo, kisha kwa pumzi ile ile akapanda juu kama sauti ya mtoto. Watu waliomsikia husema kwamba sauti yake ilipita ngazi tano za muziki, na kwa waimbaji jambo hilo ni la nadra mno.

Tanganyika ilipata Uhuru mwaka wa 1961. Mwezi wa Desemba 1962 Mwalimu Julius Nyerere alianzisha Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akasikitika kwamba wengi waliosoma walikuwa wamefunzwa dansi za Kizungu, na wachache tu ndio waliozijua ngoma za kwao. Baadaye habari za Hukwe zikamfikia Mwalimu, naye akamwita aje kukaa na kufanya kazi Dar es Salaam. Hivyo mtu wa mbugani akahamia mjini, akiwa na marimba yake na zeze lake.

Siri ya marimba

Marimba ya mkono Wagogo huyaita ilimba. Ni kisanduku cha mti, na juu yake zimepangwa ndimi nyembamba za chuma kilichofuliwa. Mpigaji hukishika kisanduku kwa mikono miwili na kuzigusa ndimi kwa vidole. Ulimi mrefu hutoa sauti nzito, na mfupi hutoa sauti nyembamba. Kwa hiyo fundi akitaka kurekebisha sauti huusukuma ulimi mbele au nyuma kidogo. Kisanduku kina tundu, nalo huzibwa kwa utando wa buibui. Utando ule hutetemeka na kuvuma kama nyuki, na kwa Wagogo mvumo huo ni sehemu ya uzuri wa sauti. Tena ziko ndimi nyingine ambazo mpigaji hazigusi kabisa. Ndimi hizo huitikia zenyewe zikisikia sauti ya jirani yao, kama vile kikombe kabatini kinavyolia lori likipita njiani.

Lakini siri kubwa iko katika mpango wa sauti zenyewe. Mwanafunzi na achukue uzi, aukaze juu ya ubao, kisha aupige. Atasikia sauti moja. Hata hivyo uzi ule hautetemeki kwa urefu wake wote tu. Hutetemeka pia kwa nusu zake, kwa theluthi zake, kwa robo zake, na kuendelea, na kila fungu lina sauti yake ndogo, iliyo juu kuliko ile ya kwanza. Basi sauti moja ina nyingine nyingi ndani yake. Wataalamu waliopima muziki wa Wagogo wameona kwamba sauti zake zimechukuliwa humo. Fungu la nne, la tano, la sita, la saba na la tisa hutoa sauti tano. Fungu la nane ni sauti ile ile ya la nne, ila juu zaidi. Na la kumi ni ile ile ya la tano.

Hapo ndipo watu wengi walipokosea. Sauti ya fungu la saba haipatikani katika kinanda cha kanisani. Huangukia kati ya vibao viwili vilivyo karibu. Kwa hiyo mtu aliyezoea kinanda tu, akisikia wimbo wa Kigogo, hudhani kwamba mwimbaji amekosa. Hakukosa. Amefuata kanuni iliyomo katika uzi wenyewe, ambayo kinanda kimeiacha ili kipate manufaa mengine. Jambo hili yafaa kila mwalimu wa kwaya alijue kabla ya kumsahihisha mtoto.

Kiongozi wa kundi

Hukwe hakuridhika kuyapokea tu aliyoachiwa na wazee. Alitengeneza marimba makubwa, yenye ndimi nyingi kupita desturi, na mazeze yenye nyuzi nyingi, ili apate nafasi ya kutunga nyimbo ndefu na za namna mpya. Alitunga kwa Kigogo na kwa Kiswahili. Aliwakusanya ndugu zake, hasa mpwa wake Charles Zawose, akawapanga kila mmoja na kazi yake: huyu zeze, huyu marimba, hawa ngoma na njuga, wale waitikie.

Katika kazi hiyo twaweza kumfananisha na mtu wa mbali. Huko Marekani alikuwako mpiga piano mmoja aitwaye Duke Ellington, aliyezaliwa Washington mwaka wa 1899 na kufa mwaka wa 1974. Aliongoza bendi ya jazi kwa muda wa miaka hamsini hivi. Sifa yake kubwa ilikuwa hii: alipotunga wimbo hakuandikia tarumbeta tu, bali alimwandikia fulani mpiga tarumbeta, kwa kuwa aliijua sauti ya kila mtu wake. Neno hilo jazi likafika kwetu pia, nazo bendi zetu za dansi zikajiita kwa jina hilo, kama Morogoro Jazz ya marehemu Mbaraka Mwinshehe. Hukwe hakupiga jazi. Lakini kazi ya kiongozi ni moja. Kundi la Hukwe lilikuwa ukoo wake, na sauti ya kila mmoja aliijua tangu utotoni.

Mwaka wa 1981 Chuo cha Sanaa kilianzishwa Bagamoyo, na Hukwe akawa mmoja wa walimu wake. Kutoka huko alisafiri nchi nyingi. Mwaka wa 1996 ilitoka santuri yake iitwayo Chibite, iliyotengenezwa Uingereza. Mwaka wa 2002 ikatoka nyingine, Assembly, aliyoifanya pamoja na Michael Brook. Na mwaka ule ule akafuatana na mwimbaji Peter Gabriel katika safari ya Amerika ya Kaskazini, akaimba mbele ya makutano makubwa ya watu wasiojua hata neno moja la Kigogo.

Aliyoyaacha

Hukwe alifariki Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003. Mwaka uliofuata Charles naye akafariki. Msiba ukawa juu ya msiba, maana wawili hao walikuwa kama mkono wa kulia na wa kushoto wa kundi lile. Muziki wa namna hii haukuandikwa kitabuni. Umo katika vidole na masikio ya watu. Watu wakiondoka, waweza kuondoka nao katika kizazi kimoja. Santuri huhifadhi sauti, lakini haimwambii kijana jinsi ya kuufua ulimi wa chuma, wala mahali pa kuutafuta utando wa buibui.

Lakini marehemu alikuwa amefundisha. Mwanawe Msafiri Zawose alishika marimba na zeze, akachanganya muziki wa baba yake na ala za kisasa. Na jambo jipya kabisa likatokea kwa wanawake. Katika desturi, wanawake wa ukoo walicheza ngoma na kuitikia, wala hawakusimama mbele kuongoza. Mwaka wa 2024 Pendo Zawose, binti wa marehemu, na Leah Zawose, mjukuu wake, walitoa santuri yao wenyewe iitwayo Maisha, wakiongoza wao na kupiga ala wao. Huenda wazee wengine wakanung'unika. Lakini Hukwe mwenyewe aliongeza ndimi katika marimba ya babu zake, na hakuna asemaye leo kwamba aliyaharibu.

Basi, wasomaji wa Kongwa na wa Ugogo yote, kama kijijini kwenu yuko mzee ajuaye kutengeneza ilimba au zeze, mpelekeeni vijana wawili watatu wakae naye msimu mmoja wa kiangazi, wakati kazi za shamba zimepungua. Chuma cha msumari na kipande cha mti si ghali. Mzee huyo ndiye asiyepatikana dukani.

Maswali ya kuzungumza

1. Kwa nini sauti ya fungu la saba haipatikani katika kinanda?
2. Ndimi za ilimba zisizoguswa zina kazi gani?
3. Hukwe aliongeza nini katika ala za wazee wake? Je, alifanya vema?
4. Ni ufundi gani katika kijiji chenu ujuliwao na mtu mmoja tu au wawili? Mtafanyaje usipotee?