Olunga na Wanyama: Kwa Nini Mabao 28 Hayakuleta Jina?

Jumamosi moja hapa Sterling, kwa kinyozi, nilitaja jina la Michael Olunga. Kimya. Jamaa mmoja Mghana akauliza, "Ndiye nani huyo, bwana?" Nikataja Victor Wanyama. Kinyozi mwenyewe, Mhabeshi, akazima mashine: "Yule wa Tottenham!"

Kusema kweli iliniuma. Olunga ni mwenzetu: alisomea uhandisi pale Technical University of Kenya huku akicheza mpira. Nikarudi nyumbani kuitafuta hitilafu.

Tuanze na kazi yenyewe. Novemba 2019, katika daraja la pili la Japani, Olunga alifunga mabao 8 kwenye mechi moja, Kashiwa Reysol ikiilaza Kyoto Sanga 13-1. Timu ikapanda. Mwaka 2020 akafunga 28 katika daraja la kwanza. Aliyemfuata alikuwa na 18. Akachaguliwa mchezaji bora wa ligi, Mwafrika wa kwanza kuipata heshima hiyo.

Wanyama naye si wa kubezwa. Alikuwa kiungo, kufunga haikuwa kazi yake. Lakini bao lake moja la kichwa, Celtic dhidi ya Barcelona Novemba 2012, lilionekana kila mahali. Mwaka 2013, akiwa Southampton, akawa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Mwaka 2017 hata barabara ya Ubungo, Dar es Salaam, ilipewa jina lake, ingawa kibao hakikudumu.

Sasa, tofauti iko wapi? Kwanza ni saa. Mechi ya saa moja jioni Japani huwa saa saba mchana Nairobi, watu wako kazini. Hapa Sterling wakati wa kiangazi ni saa kumi na mbili alfajiri. Ile ya Uingereza huingia Nairobi jioni, vibanda vya video vimejaa. Pili ni lugha: mtangazaji wa Kijapani anaeleweka na wangapi kwetu? Tatu, na kubwa zaidi, ni jezi. Mashabiki wa Tottenham walikuwepo Kisumu kabla Wanyama hajafika huko. Jezi ya Kashiwa nani aliwahi kuivaa?

Wahandisi tunajua: bwawa linaweza kuzalisha umeme mwingi, lakini bila nyaya kijiji kitakaa gizani. Wanyama aliunganishwa kwenye nyaya zilizokuwepo tayari. Olunga alizalisha umeme mahali ambapo nyaya za kuja kwetu hazijavutwa.

Nasema haya kwa sababu mama huniuliza kwenye simu, "Miaka yote hiyo unasoma, mbona hatukusikii?" Tasnifu yangu labda itasomwa na watu watano. Siku hizi namjibu kwamba kutosikika si kutofanya kazi.

Na wewe, ukikutana na Mjapani anayependa mpira hapo chuoni, mtajie Olunga. Halafu kaa usikilize.