Kwa Nini Waru Huitwa "Irish"?

Wahenga walinena kuwa asiyejua maana haambiwi maana, lakini mimi leo nimeamua kukuambia.

Jioni ukishuka matatu mtaani kwetu huwezi kukosa kibanda cha chipo. Mafuta yanachemka kwenye karai, viazi vinakatwakatwa, na wateja wamepanga foleni. Sisi huviita waru, wengine husema viazi mbatata, na vitabu vya kilimo huviita viazi vya "Irish". Hata kanuni za serikali za mwaka 2019 kuhusu biashara ya viazi ziliandikwa kwa jina hilo. Kwani hao Waayalandi ni akina nani, na waru wetu wanawahusu nini?

Kwanza tuondoe dhana moja potovu. Viazi havikutoka Ayalandi. Asili yake ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, ambako wenyeji wa nchi zinazoitwa leo Peru na Bolivia walivilima kwa maelfu ya miaka. Wahispania ndio waliovivusha bahari hadi Ulaya katika karne ya 16. Vilipofika Ayalandi, kisiwa kilicho magharibi mwa Uingereza, vilishika mizizi kuliko kwingineko. Ndipo wasemaji wa Kiingereza wakazoea kuviita Irish ili kuvitofautisha na viazi vitamu. Kwetu Kenya vililetwa na Wazungu mwishoni mwa karne ya 19, na jina likaja navyo.

Je, Waayalandi walivipenda kwa utamu tu? Hata! Ayalandi ilitawaliwa na Waingereza kwa karne nyingi, na mwaka 1801 ikaunganishwa rasmi na Uingereza. Ardhi ilikuwa mikononi mwa mabwana wachache, wengi wao wa asili ya Kiingereza, na baadhi yao hata hawakuishi huko. Mwananchi maskini alikodi kishamba kidogo. Nafaka aliyolima na nguruwe aliyemfuga viliuzwa ili kodi ilipwe. Yeye na wanawe wakala viazi, kwa maana kishamba cha ekari moja kiliweza kulisha jamaa nzima kwa muda mrefu wa mwaka. Kufikia mwaka 1841 kisiwa kilikuwa na watu zaidi ya milioni 8, na karibu milioni 3 kati yao walitegemea viazi kwa kila mlo. Tena wengi walipanda aina moja tu iliyoitwa Lumper, kwa sababu ilizaa sana hata kwenye udongo mbovu.

Hapo ndipo hatari ilipojificha. Kama tujuavyo, mkulima hupanda viazi kwa kufukia kiazi chenyewe. Kwa hiyo kila mche wa Lumper ulikuwa pacha wa mwenzake. Ugonjwa ukimweza mmoja, umewaweza wote.

Mwaka 1845 ugonjwa ukafika. Ulikuwa ni ukungu, ule ambao wakulima wetu huuita blaiti. Vimelea vyake husafiri kwa upepo na mvua, na hupenda baridi na unyevu. Majani hupata madoa meusi, na baada ya siku chache shamba zima limenyauka na viazi ardhini vimeoza na kunuka. Mwaka huo sehemu ya mavuno iliharibika. Mwaka 1846 karibu yote yakapotea. Mwaka 1847 watu walikuwa wamekwisha kula hata viazi vya kupanda, basi kilichopandwa kikawa kidogo mno. Mwaka 1848 ukungu ukarudi tena. Kufikia mwaka 1852 watu wapatao milioni 1 walikuwa wamekufa kwa njaa, homa na kuhara, na wengine zaidi ya milioni 1 wamepanda meli kuhamia Marekani, Kanada na Uingereza. Hadi leo kisiwa kizima kina watu kama milioni 7, yaani hakijarudia idadi ya mwaka 1841.

Lakini msidhani kuwa chakula kilikosekana kabisa nchini. Miaka hiyo hiyo nafaka, ng'ombe na siagi viliendelea kupakiwa melini kwenda kuuzwa Uingereza. Wakubwa wengi wa London waliamini kuwa biashara haifai kuingiliwa. Serikali iliagiza mahindi kutoka Marekani, ambayo Waayalandi hawakujua hata kuyapika, ikaanzisha kazi za barabara na majiko ya supu, lakini misaada hiyo haikutosha na mingine ilifungwa mapema. Aliyeshindwa kulipa kodi alifukuzwa, na nyumba yake ikabomolewa ili asirudi. Sisi wa Eastlands, ambao tumeona jirani akirudi kutoka kibaruani na kukuta landilodi ametia kufuli mlangoni, hatuhitaji kuelezwa uchungu huo. Ukungu uliua viazi. Umaskini na utawala mbaya ndio uliowaua watu.

Kwa sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili, kuna hasara nyingine inayotuhusu zaidi. Njaa ilipiga hasa maeneo ya magharibi, ambako watu maskini walizungumza Kiayalandi, lugha ya mababu zao. Hata kabla ya njaa, katika sehemu nyingi mtoto aliyesema Kiayalandi alivikwa kijiti shingoni, kikakatwa alama kwa kila kosa, kisha akachapwa kulingana na alama hizo. Si hiyo ni ndugu ya ile "disk" iliyovishwa watoto wengi katika shule za Kenya? Baada ya njaa wazazi wenyewe waliwahimiza watoto wajue Kiingereza ili wapate kazi ng'ambo. Mwaka 1851 waliojua Kiayalandi walihesabiwa kuwa kama milioni 1.5, kufikia mwaka 1891 walikuwa chini ya 700,000. Mwaka 1893 chama kikaundwa kuifufua lugha hiyo. Leo ni lugha rasmi na hufundishwa shuleni, lakini wanaoitumia nyumbani kila siku ni wachache. Lugha ikishatoka jikoni, kuirudisha si mchezo.

Watu hao hawako mbali nasi. Shirika la Masista wa Huruma lilianzishwa Dublin mwaka 1831 na Catherine McAuley, na masista wake waliwauguza wagonjwa wakati wa ile njaa. Masista wa shirika hilo hilo kutoka Ayalandi ndio waliofungua hospitali ya Mater, pale South B, mwaka 1962. Mwaka 1985 mmoja wao, Sista Mary Killeen, alianzisha kituo cha Mukuru kinachosomesha watoto wa vijiji vya mabanda.

Sasa turudi kwenye karai letu. Nchini Kenya viazi ni chakula cha pili baada ya mahindi. Malori huvileta Marikiti kutoka Nyandarua, Molo, Meru na Narok. Zamani vilikuja kwenye magunia yaliyoongezwa kilemba juu, yale yaitwayo "mukorino", yenye uzito wa kupita kilo 100, huku mkulima akilipwa kwa gunia moja tu. Ndiyo maana kanuni za mwaka 2019 zilisema gunia lisizidi kilo 50.

Lakini liko jambo linalonitia wasiwasi kuliko gunia. Nilimwuliza mama mmoja anayekaanga chipo karibu na kwetu hutumia viazi gani. Akacheka, akanijibu, "Shangi, mwanangu. Kwani kuna vingine?" Alinieleza kuwa Shangi huiva upesi na haili makaa mengi. Mkulima naye huipenda kwa kuwa huchipua mapema, akapanda tena. Hivyo Shangi imetawala soko zima. Na ule ukungu, ambao ulifika Kenya mwaka 1941, haujaondoka. Msimu wa mvua mkulima asiponyunyizia dawa, shamba limekwenda.

Sisemi kwamba yaliyowapata Waayalandi yatatupata sisi. Tuna dawa, tuna ugali, tuna maharagwe na sukuma wiki. Lakini mama wa chipo, kijana wa mkokoteni na mkulima wa Ol Kalou wote wamesimama juu ya kiazi kimoja, na huko si kusimama vizuri. Watafiti wa Tigoni, kule Limuru, wametoa aina nyingine, zikiwemo Asante, Sherekea na Kenya Mpya. Aina hizo zitafika shambani tu ikiwa wanunuzi wataziulizia sokoni. Nawasihi basi wenzangu: mkitumwa kununua waru, ulizeni ni aina gani, na mkiona aina ngeni msiikatae kabla ya kuionja.