Makovu Chini ya Sweta

Ndugu askari, leo twapenda kuzungumza juu ya jambo ambalo kambini hutajwa kwa kunong'ona, nalo ni mtoto anayejiumiza mwenyewe. Tumchukue mmoja kwa mfano tu: binti wa miaka 15, baba yake sajini aliyefia kazini, na mama akamfuata kabla mwaka haujatimia. Matanga yakaanuliwa, jamaa wakarejea makwao, naye akapelekwa kwa shangazi. Halii wala hasemi. Jua likiwaka yeye yumo ndani ya sweta ya mikono mirefu, na siku shangazi alipomvua kwa nguvu akaona mikono iliyojaa makovu. Shangazi akashika fimbo. Wengi wetu tungefanya vivyo hivyo, kwani tumezoea kuwa ukaidi dawa yake ni adabu.

Lakini huo si ukaidi. Ni majonzi yaliyokosa mlango wa kutokea. Maumivu ya mwili humpa kijana nafuu ya muda mfupi kutokana na maumivu ya moyo, na kwa sababu nafuu hiyo haidumu, hurudia. Mara nyingi hataki kufa. Hata hivyo anayejidhuru yumo katika hatari ya kujiua kuliko wenzake, na kwa hiyo haifai kumpuuza kwa kusema kwamba anajidekeza.

Tiba yake ni ipi? Mfano ulio karibu nasi watoka Uganda. Mwaka 2005, vita vya kaskazini vilipokuwa vimewakusanya raia makambini, vijana 314 wa miaka 14 hadi 17 kutoka kambi mbili walishirikishwa katika jaribio la tiba. Wataalamu walianza kwa kuwasikiliza wenyeji, nao wakayataja maradhi hayo kwa Kiacholi: two tam, par, kumu. Tam ni fikra, na two ni ugonjwa; yaani mtu anayeugua fikra zake. Kundi moja likapewa michezo, la pili likasubiri zamu yake, na la tatu likakaa kuzungumza mara moja kwa juma, muda wa majuma 16.

Mazungumzo hayo si porojo. Kijana huongozwa aeleze siku ya msiba ilivyokuwa, marehemu alikuwa mtu wa namna gani, mema yake na mabaya yake pia, hata hasira aliyo nayo juu yake kwa kumwacha. Kisha huulizwa nani amebaki wa kumtegemea, na wenzake waliofiwa kama yeye humsaidia kutafuta jibu. Matokeo yalipotangazwa mwaka 2007, wasichana wa kundi la mazungumzo walikuwa wamepata nafuu ya kweli. Michezo haikufua dafu. Wavulana hawakusaidika kwa kiasi cha kuthibitika. Kwa maoni yetu si ajabu: mvulana kwetu hufundishwa mapema kumeza machozi.

Tiba ya aina hiyo ilikuwa imekwisha kujaribiwa kwa watu wazima wa vijiji vya Masaka na Rakai mwaka 2002. Waongozaji hawakuwa madaktari, bali watu wa huko huko waliofundishwa majuma mawili. Kabla ya tiba, wagonjwa 86 katika kila 100 walikuwa na huzuni kuu. Baada yake walibaki wasiozidi 7, hali katika vijiji visivyotibiwa zaidi ya nusu walikuwa wangali wagonjwa.

Kuhusu kujiumiza hasa, yuko Marsha Linehan wa Marekani. Mwaka 1961, akiwa msichana wa miaka 17, alilazwa hospitali ya wagonjwa wa akili kwa sababu ya kujikata na kujichoma. Alipopona akasoma, akawa profesa, akabuni tiba inayomfundisha mgonjwa kustahimili saa ya dhiki bila kujidhuru: kuosha uso kwa maji baridi, kupumua polepole, kumwita mtu aliyekubaliana naye mapema. Siri ya makovu yake aliitoa hadharani mwaka 2011.

Kwa ndugu zetu polisi liko neno la ziada. Sheria iliyomfanya anayejaribu kujiua kuwa mhalifu tuliirithi kwa Mwingereza, naye mwenyewe aliifuta kwake mwaka 1961. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha namna hiyo chapingana na Katiba. Afisa wa zamu anayeletewa mtoto mwenye majeraha amwite mganga kabla ya kufungua jalada. Tena amuulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimtii wazo jipya, bali humfungua kinywa. Na nyumba yenye kijana kama huyo, silaha isilale humo hata usiku mmoja.

Turudi kwa yule binti wa sajini. Katika mazungumzo ya namna tuliyoeleza, atafika mahali pa kuulizwa baba yake alikufaje, naye hajui. Aliletewa sanduku lililofungwa na barua. Wanaojua ni wale waliokuwa zamu naye siku ile. Wako hai, wanakaa mabweni ya upande wa pili wa uwanja wa gwaride, na hakuna aliyewahi kumwendea.