Miguu Haitoshi: Mwili Ndani ya Tour Divide

Kila mwaka, Ijumaa ya pili ya Juni, waendesha baiskeli hukusanyika Banff, mji mdogo wa milimani katika jimbo la Alberta nchini Kanada. Hakuna ada ya kushiriki, na hakuna zawadi kwa atakayeshinda. Mbele yao kuna takriban kilomita 4,400 za changarawe, vijia vya msituni na tope, hadi Antelope Wells, kituo cha mpakani ambapo jimbo la New Mexico linapakana na Meksiko. Njia hufuata mgongo wa Milima ya Rocky, ule unaogawa maji: mvua ya upande mmoja huishia Pasifiki, ya upande wa pili Atlantiki. Ukijumlisha vilima vyote, mpandaji hupanda zaidi ya meta 45,000, yaani zaidi ya mara saba ya kimo cha Kilimanjaro.

Jina la mashindano haya ni Tour Divide, na yamekuwapo tangu 2008. Yanatofautiana na mashindano mengi kwa mambo mawili. Kwanza, saa haisimami. Migration Gravel Race, yaliyoanza Kenya mwaka 2021 katika nchi ya Wamaasai, yana kilomita 650 hivi, na ni magumu kwelikweli. Lakini yamegawanywa katika hatua nne, na jioni mtu huoga, hula, hulala. Tour Divide ukilala, wenzako wanaenda. Pili, hakuna gari la msaada. Unaweza kununua chakula dukani au kulala hotelini, mahali palipo wazi kwa kila mtu, lakini rafiki akikuletea hata mpira wa akiba barabarani umekiuka kanuni.

Mwaka 2016 Mwingereza Mike Hall aliimaliza njia hiyo kwa siku 13, saa 22 na dakika 51, muda ambao haukuvunjwa hadi 2024, na Justinas Leveika wa Lithuania. Tupige hesabu ya Hall. Ni wastani wa kilomita 315 kila siku. Kwenye njia ya namna ile, mwendo wa kilomita 17 kwa saa ni mwendo wa mtu hodari, na hata hivyo utamweka barabarani saa 18 na nusu. Zinabaki saa tano na nusu za kulala, kula, kujaza maji, kuziba pancha na kwenda haja. Ndiyo maana mtu mwenye miguu ya kawaida lakini asiyepoteza muda dukani humpita mwenye miguu ya chuma. Na kinachomsimamisha mtu, mara nyingi, si misuli.

Huanza tumboni. Mwili huhifadhi wanga kwenye misuli na ini kama glaikojeni, gramu mia nne hadi mia sita hivi, akiba isiyofika hata jioni ya siku ya kwanza. Mafuta ya mwilini ni mengi zaidi, lakini huungua polepole. Mwenye kuyategemea lazima apunguze kasi. Kwa hiyo unakula ukiwa juu ya baiskeli, na hapo unakutana na kizuizi kingine. Glukosi hupita kwenye ukuta wa utumbo mwembamba kwa njia yake, na njia hiyo hupitisha gramu 60 hivi kwa saa. Fruktosi, sukari ya kwenye matunda na asali, ina njia yake nyingine, na ukichanganya zote mbili unaweza kufika gramu 90. Zaidi ya hapo chakula hukaa tumboni kikichacha. Isitoshe, unapopanda mlima kwa nguvu damu hukimbilia misuli na ngozi, utumbo unabaki na kidogo, na kichefuchefu huanza.

Mwaka 2019 kikundi cha watafiti, akiwemo Herman Pontzer wa Marekani, kilichapisha vipimo vya wakimbiaji waliovuka nchi hiyo kwa miguu kwa miezi kadhaa. Watafiti hao waligundua kwamba kadiri siku zinavyozidi, matumizi ya nishati hushuka na kutulia karibu na mara mbili na nusu ya yale ya mwili uliopumzika, na wakapendekeza kwamba hicho ndicho kiasi ambacho utumbo unaweza kulipia. Kwa wiki mbili au tatu mtu anaweza kuvuka mstari huo. Waendeshaji wa Tour de France hufika mara nne au tano. Ila tofauti hulipwa na mwili wenyewe. Chukua mtu anayetumia kilokalori 1,700 akipumzika: akitumia mara tano na utumbo ukalipia nusu tu, anapungukiwa zaidi ya 4,000 kila siku. Hiyo ni zaidi ya nusu kilo ya mafuta ya mwili. Nani basi atashangaa kwamba washiriki wa Tour Divide hawabagui chakula, na kwamba chakula chao kikuu ni peremende, chipsi za pakiti na mikate ya vituo vya mafuta?

Usingizi nao hauna akiba. Seli za ubongo zikitumia nishati, adenosini hujikusanya, na kadiri inavyojikusanya ndivyo kope zinavyokuwa nzito. Kahawa haiiondoi, kafeini hukalia tu mahali adenosini ilipotakiwa kushika, na ikiisha nguvu, deni lote liko palepale. Mwaka 1997 watafiti wa Australia walionyesha kwamba mtu aliyekesha saa 17 hufanya kazi sawa na mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu, kiwango ambacho nchi nyingi humkataza mtu kuendesha gari. Hapa ndipo ninapopata woga kuliko kwenye habari za dubu wa Montana, jimbo ambalo njia hupitia: mtu wa hali hiyo anateremka mlima usiku, kwa taa moja, juu ya mawe.

Viganja havifi ganzi siku ya kwanza. Neva ya ulna hupita chini ya kiganja upande wa kidole kidogo, mahali pale pale panapogandamizwa na usukani, na kwa siku nyingi za mtikisiko vidole hukosa nguvu ya kubadili gia. Mapafu nayo yana yake. Mwaka 2015 Lael Wilcox wa Alaska aliugua kifua katikati ya mashindano, akaendelea, akamaliza kwa siku 17 na saa chache. Baadaye mwaka uleule alirudi peke yake akaimaliza njia kwa siku 15.

Halafu kuna Lachlan Morton wa Australia, aliyeipita njia nzima mwaka 2023 kwa siku 12 na nusu hivi. Wenye mashindano hawakuihesabu rekodi, kwa sababu wapiga filamu walikuwa wakimfuata. Wako waliosema huo ni ubahili: kamera haikanyagi pedali. Mimi naona walikuwa na haki. Ubongo uliolala kidogo tu kwa siku kumi huamka mara tu unapoona uso wa mtu unayemfahamu, na mwenye kujua kwamba gari liko nyuma ya kilima huthubutu kuteremka kwa kasi ambayo mwenzake, aliye peke yake kilomita nyingi kutoka kwa mtu mwingine, hathubutu.