Povu la Mkojo na Figo Isiyolalamika

Mkojo wenye povu si ugonjwa, na mara nyingi hauashirii ugonjwa wowote. Aliyeshinda juani kwenye soko la Kisangani bila kunywa maji ya kutosha hukojoa mkojo mzito wenye povu. Mkojo uliobanwa kwa saa nyingi nao hutoka kwa kasi na kufanya mapovu, na hata sabuni ya kuoshea choo huleta povu. La namna hiyo hupasuka upesi. Linalostahili kufuatiliwa ni lile linalokaa juu ya mkojo kwa dakika kadhaa, siku baada ya siku, hata mtu akinywa maji vizuri. Huenda vichujio vya figo vimelegea na protini iliyopaswa kubaki kwenye damu inavuja.

Wapo watakaouliza: kama povu kwa kawaida halina neno, na mwili hauumi, kwa nini nipeleke pesa ya chakula hospitalini? Swali hilo ni la haki katika mji ambao wengi hujilipia matibabu wenyewe. Lakini figo huharibika kimya kimya. Utafiti wa Kinshasa uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta asilimia 12.4 ya watu wazima waliopimwa wana ugonjwa sugu wa figo, na wachache mno kati yao walikuwa wanajua. Kipimo cha kwanza ni kijikaratasi kinachochovywa kwenye mkojo, na jibu hutoka kwa dakika chache. Gharama yake ni ndogo sana mbele ya kusafishwa damu mara 3 kwa wiki. Protini ikionekana, kipimo kirudiwe, maana homa ya malaria au kazi nzito inaweza kuipitisha kwa muda tu. Ikionekana tena, daktari atapima presha, sukari, VVU na kreatinini ya damu, na zipo dawa za presha zinazopunguza uvujaji huo. Wakati huo diclofenac na ibuprofen za kujinunulia ziachwe, kwani huizidishia figo madhara.

Mwenye presha, kisukari au sikoseli asingoje povu, kwa kuwa protini kidogo haionekani kwa macho: apimwe kila mwaka. Uso au miguu ikivimba, mkojo ukipungua au ukiwa na damu, mtu yeyote aende hospitalini siku hiyo hiyo. Mjamzito aliyepita wiki 20, akiumwa sana kichwa au kuona ukungu, asingoje hata kukuche, hata kama anakaa Lubunga na lazima avuke mto.