Kuanza Kazi ya Uandishi wa Kiufundi kwa Kiswahili: Mfano wa Maelekezo ya Kilimo cha Migomba Songambele, Kagera

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna mhitimu wa Kiswahili anavyoweza kuanza kazi ya uandishi wa kiufundi, yaani utungaji wa matini zinazomwongoza msomaji kutenda jambo kwa usahihi na usalama. Mfano unaotumika ni maelekezo ya kudhibiti mnyauko wa migomba na ya kutumia viuatilifu, kwa kumfikiria mkulima wa Songambele, mkoani Kagera. Makala yanajadili istilahi, sarufi ya maelekezo na majaribio ya matini, kisha yanapendekeza hatua za kuingia katika kazi hiyo. Hoja kuu ni kwamba utata wa maana, ambao katika fasihi huhesabiwa kuwa utajiri, katika matini ya kiufundi hulipwa na msomaji kwa shamba lake au afya yake.

1.0 Utangulizi

Songambele imo katika eneo la Karagwe na Kyerwa, wilaya mbili zilizokuwa moja hadi Kyerwa ilipopata hadhi ya wilaya mwaka 2012. Ndizi ndicho chakula kikuu cha eneo hili, na kahawa ya robusta ndilo zao kuu la fedha. Lugha ya nyumbani kwa wengi ni Kinyambo. Kiswahili ni lugha ya shule, ofisi, mnada na maandishi. Kwa hiyo kila karatasi ya maelekezo inayofika kijijini kwa Kiswahili husomwa na watu ambao wengi wao walianza kutaja migomba na magonjwa yake kwa lugha nyingine.

Jina la mahali hapa linafaa kuufungua mjadala, kwa kuwa ni sentensi kamili ya maelekezo: kitenzi cha amri songa na kielezi mbele. Kitendo ni kimoja, mwelekeo ni mmoja, na hakuna anayelisikia akabaki na shaka la kufanya. Si matini nyingi za kitaalamu zinazofikia kiwango hicho.

Idara zetu za Kiswahili huandaa walimu, wanahabari, wahariri na wafasiri. Mwandishi wa kiufundi hatajwi sana, na katika matangazo ya ajira nchini ni nadra kukuta cheo chenye jina hilo. Hata hivyo, kazi yenyewe ipo, na mara nyingi hufanywa na mtaalamu wa fani asiyefundishwa kuandika, au na mfasiri asiyeijua fani. Makala haya yanamlenga kijana anayetaka kuziba pengo hilo.

2.0 Maana na Historia Fupi

Uandishi wa kiufundi ni uandishi unaopimwa kwa kitendo cha msomaji. Shairi likisomwa na kufurahiwa limetimiza kazi yake. Maelekezo ya kuchanganya kiuatilifu yakisomwa, yakasifiwa kwa lugha nzuri, kisha mchanganyiko ukakosewa, yameshindwa. Katika mitaala ya Kenya sehemu ya uandishi huu hufundishwa chini ya jina la utungaji wa kiuamilifu, pamoja na barua, ripoti na kumbukumbu za mikutano.

Ulimwenguni, taaluma hii ilikua pamoja na mashine. Mwaka 1949 Joseph Chapline aliandika mwongozo wa kutumia kompyuta ya BINAC huko Marekani, na mwongozo huo hutajwa miongoni mwa ya kwanza ya aina yake. Baadaye sekta ya ndege ilitunga Kiingereza chenye msamiati na sarufi iliyowekewa mipaka, ili fundi asiyekuwa mzawa wa lugha hiyo asikosee maana.

Kwa upande wetu, historia hiyo haikuanza na kompyuta. Kuanzia mwaka 1968 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, Tanzania na UNESCO ziliendesha mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa katika mikoa ya kandokando ya Ziwa Viktoria: Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambao leo ni Kagera. Vitabu vya mradi huo vilimfundisha mtu mzima kusoma kwa kupitia kazi yake: pamba, migomba, ufugaji, uvuvi. Mwaka 1973 ilifuata kampeni ya Mtu ni Afya, iliyounganisha redio, vijitabu na vikundi vya kujifunza, na mwaka 1974 gazeti la vijijini la Elimu Haina Mwisho likaanza kutoka Mwanza. Waandishi wa matini hizo walikuwa waandishi wa kiufundi, ingawa hakuna aliyewaita hivyo. Jambo moja katika kazi yao linastahili kurithiwa: matini iliandikwa ikilenga jembe, nyavu au choo ambacho msomaji angekwenda kukitumia au kukijenga siku hiyohiyo.

3.0 Istilahi: Neno Moja, Hasara Mbili

Mnyauko wa migomba unaosababishwa na bakteria uliripotiwa Uganda mwaka 2001 na kuthibitishwa Kagera mwaka 2006. Huenezwa na wadudu wanaotembelea ua dume, na miche yenye maambukizi, na visu na mapanga yanayohama kutoka mgomba mgonjwa hadi mzima. Hakuna dawa ya kuutibu. Kinachomwokoa mkulima ni kufuata maelekezo, na maelekezo ni lugha.

Tuchukue sentensi hii, iliyotungwa kwa ajili ya mjadala: "Ondoa shina lililougua." Katika biolojia, shina ni sehemu ya mmea inayobeba majani. Katika mazungumzo ya wakulima na hata katika takwimu za kilimo, shina la migomba ni kundi zima linalotokana na mche mmoja. Ndiyo maana mtu husema ana mashina mia mbili shambani. Msomaji wa kwanza atakata mgomba mmoja. Wa pili atang'oa kundi lote, pamoja na migomba ambayo ingezaa mwaka huohuo.

Utata huu una uzito zaidi kwa sababu ushauri wa kitaalamu wenyewe umebadilika. Mwanzoni wakulima walielekezwa kung'oa kundi lote. Baadaye utafiti ulionesha kwamba bakteria hawasambai daima katika migomba yote ya kundi, na ushauri mwingine ukatolewa: kata mgomba unaoonesha dalili peke yake, usawa wa ardhi, na urudie ukaguzi mara kwa mara. Tofauti ya ushauri wa kwanza na wa pili ni tofauti kati ya kupoteza mkungu mmoja na kupoteza chakula cha kaya. Mwandishi anayetumia shina bila kulifafanua ameibeba tofauti hiyo yote katika neno moja.

Suluhisho halihitaji kubuni istilahi ngeni. Ugani wa migomba tayari una istilahi za ukoo: mama, mtoto na mjukuu. Mwandishi akisema, "Mama akinyauka, kata mama peke yake, mwache mtoto na mjukuu ambao hawana dalili," mkulima wa Songambele hahitaji kamusi.

Neno la pili ni dawa. Katika Kiswahili cha kawaida dawa ni kinachoponya binadamu, kinachoua wadudu na kinachotakata sakafu. Istilahi sanifu ya kitu kinachoua visumbufu vya mimea ni kiuatilifu, lakini si kila duka la pembejeo linaitumia. Mwandishi akishika dawa pekee, anaificha sumu ndani ya neno la matumaini. Akishika kiuatilifu pekee, huenda asieleweke. Njia salama ni kuyafunga maneno yote mawili mahali pa kwanza, kwa mfano: "Kiuatilifu, ambacho dukani huitwa dawa ya wadudu, ni sumu kwa binadamu na mifugo," kisha kutumia istilahi moja hadi mwisho. Kubadilisha maneno ili kuepuka marudio ni adabu ya insha. Katika maelekezo, msomaji hudhani neno jipya ni kitu kipya.

4.0 Sarufi ya Maelekezo

Kiswahili kina njia kadhaa za kuagiza: amri (kata), dhamira tegemezi (ukate, mkulima akate), hali ya kutendwa (hukatwa) na mzunguko wa kiofisi (inashauriwa kwamba). Waandishi wengi huchagua njia ya mwisho kwa kudhani ndiyo yenye heshima. Tazama mfano huu uliotungwa:

"Inashauriwa kwamba vifaa vyote vitumikavyo katika ukataji viwe vimetakaswa kabla ya kutumika katika mmea mwingine baada ya kutumika katika mmea ulioathirika."

Sentensi hii haina kosa la kisarufi, lakini ina makosa matatu ya kiufundi. Mtendaji amefichwa. Mpangilio wa matukio umegeuzwa, kwa kuwa tendo la kwanza shambani limetajwa mwisho. Tena kitenzi takasa, ambacho wengi hukisikia kanisani na msikitini, hakisemi kama panga lioshwe kwa maji, lifutwe kwa jani au lipitishwe motoni. Matini hiyohiyo yaweza kuandikwa hivi:

(1) Kata mgomba ulionyauka, usawa wa ardhi.
(2) Pitisha panga kwenye moto mpaka chuma kisishikike kwa mkono.
(3) Panga likipoa, nenda kwenye mgomba mwingine.

Amri ya umoja haimvunjii heshima msomaji mzima. Heshima katika maelekezo huoneshwa kwa kutomwacha akisie. Panapohitajika sababu, itolewe kwa sentensi moja fupi: moto unaua vijidudu visivyoonekana. Makatazo yaambatane na mbadala: "Ondoa ua dume kwa kijiti chenye panda mara chana la mwisho linapojitokeza. Usitumie kisu." Msomaji aliyekatazwa kisu bila kupewa kijiti atarudi kwenye kisu.

Vipimo navyo ni sehemu ya sarufi hii. Tuseme kiwango sahihi cha kiuatilifu fulani ni mililita 40 kwa lita 20 za maji, na mwandishi akaandika "mililita 40 kwa bomba." Mwenye bomba la lita 20 atapata mililita 2 kwa kila lita. Mwenye bomba la lita 15 atapata takribani 2.7, yaani amezidisha sumu kwa theluthi moja, ilhali amefuata maelekezo neno kwa neno. Kosa ni la mwandishi.

5.0 Hatua za Kuingia Kazini

Hatua ya kwanza ni kuchagua fani moja. Anayeishi Kyerwa ana kahawa, migomba, ufugaji na uchimbaji wa bati mlangoni pake. Mwingine atachagua afya au programu za kompyuta. Mwandishi si lazima awe mtaalamu wa fani, lakini lazima ajue maswali ya kumwuliza mtaalamu.

Hatua ya pili ni kuandaa faharasa yake: istilahi sanifu, neno la mtaani au kijijini, maana, na chanzo. Vyanzo vipo. BAKITA, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, lina jukumu la kusanifisha istilahi. TUKI, ambayo sasa ni TATAKI, ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Katika teknolojia ya habari, Jambo OpenOffice ya mwaka 2004, iliyotokana na kazi iliyohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilithibitisha kwamba programu nzima yaweza kusemeka kwa Kiswahili. Hata hivyo, mpaka wa nchi huzingatiwa: msomaji wa Nairobi aliyesoma tarakilishi shuleni na msomaji wa Kayanga anayesema kompyuta hawahudumiwi vyema na faharasa moja.

Hatua ya tatu ni kuandika vielelezo vitatu au vinne vya kazi kabla ya kutafuta mwajiri: karatasi ya ukurasa mmoja, bango la picha na maneno machache, hati ya dakika tano za redio. Mwajiri wa kazi hii huuliza umeandika nini kabla ya kuuliza umesoma wapi.

Hatua ya nne, ambayo ndiyo humtofautisha mwandishi wa kiufundi na mfasiri wa kawaida, ni majaribio. Mtu akiulizwa, "Umeelewa?" atajibu, "Ndiyo," kwa kumheshimu mgeni. Jibu hilo halipimi chochote. Mwandishi ampe msomaji karatasi, amwombe afanye, kisha akae kimya na kutazama mkono unaposita. Mahali mkono uliposita ndipo sentensi ilipoharibika. Wasomaji watano au sita hutosha kufichua makosa makubwa, mradi wawemo mzee, kijana na mama anayelima mwenyewe.

Hatua ya tano ni kutafuta kazi chini ya majina inakojificha: afisa mawasiliano, mhariri, mtayarishaji wa mafunzo, mfasiri. Waajiri ni vyama vya ushirika, redio za jamii, mashirika ya maendeleo, taasisi za utafiti, wasambazaji wa pembejeo na kampuni za programu. Tafsiri ndiyo mlango wa kawaida, na marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama yameupanua.

Juu ya hatua zote kuna mwiko mmoja: mwandishi asibadilishe kiwango, kipimo wala onyo kwa ajili ya ufasaha. Kila toleo liwe na tarehe na lipitiwe na mtaalamu wa fani kabla ya kuchapwa, kwa kuwa ushauri hubadilika, kama tulivyoona katika mnyauko, na karatasi ya zamani hubaki ukutani.

6.0 Hitimisho

Ugonjwa wa Marburg ulipozuka Kagera mwaka 2023, na tena mwaka 2025, wananchi walihitaji kujua wamshike vipi mgonjwa na wamzike vipi marehemu. Maswali kama hayo hayasubiri istilahi zijadiliwe kwa miaka. Yanahitaji watu waliokwisha kujizoeza kuandika sentensi isiyo na njia mbili. Idara za Kiswahili zina nyenzo za kuwaandaa: semantiki ya kueleza kwa nini shina linapotosha, sintaksia ya kupanga matendo, isimujamii ya kujua nani atasema "ndiyo" bila kuelewa. Kinachokosekana ni kozi inayozikusanya nyenzo hizo na kumpeleka mwanafunzi shambani na karatasi yake mkononi, akaone kama inafanya kazi.